Dawa Ilikuwa Kabatini

Mashine ya Mama Kasuku huanza kunguruma kabla majirani hawajanawa uso. Iko kwenye kibanda cha mabati, ubavuni mwa nyumba. Mlango mmoja unatazama barabara, mwingine unatazama jikoni. Karanga zilizokaangwa zinaingia juu. Chini inatoka siagi ya karanga, nzito, ya moto, inang'aa kama imepakwa mafuta. Mama Kasuku anaikinga kwa bakuli la bati, anaitia mafuta na chumvi kidogo, kisha anaionja kwa ncha ya ulimi. Ikiwa bado ina chenga, anairudisha juu isagwe tena.

Mkono wake ni mizani. Mteja akisema nusu, anachota mara moja tu. Akiweka kwenye mizani, mshale unasimama palepale.

"Wewe mama una uchawi mkononi," wateja humtania.

Yeye hacheki. Neno hilo halimchekeshi, na sababu anayo.

Kasuku ni binti yake. Jina lake la shuleni lipo, lakini mtaani limesahaulika. Mtoto huyu anaongea tangu anapofumbua macho. Anaongea na kuku, na sufuria, na wapita njia. Hata usingizini utamsikia akibishana na mtu. Lakini kwenye kibanda cha mama yake haingii. Kizingitini pamechorwa mstari wa chaki, na mama anaupitia upya kila unapofutika. Kasuku husimama nyuma ya mstari huo, vidole vya miguu vikiugusa, na kupiga soga na wateja kwa mbali.

"Shangazi, leo umevaa viatu vya nani?"

"Vya kwangu, mtoto mchokozi wewe!"

"Mbona vinakukimbia?"

Wateja wanacheka. Mama anasema, "Rudi nyuma, Kasuku. Vumbi."

Kasuku ana aleji ya karanga. Wengine huita mzio. Alipokuwa anatambaa alilamba mwiko, midomo ikavimba kama imeumwa na nyuki. Tangu siku hiyo mstari wa chaki haujakosekana. Maana kabla ya Kasuku alikuwepo dada yake.

Dada alikuwa mtoto mkimya. Siku moja shuleni waligawiwa biskuti. Ndani yake kulikuwa na karanga zilizosagwa. Akaletwa nyumbani uso umevimba, kifua kinapiga mluzi. Mama na Baba walimkimbiza kwenye zahanati ya mtaa. Walimkuta mhudumu peke yake.

"Mkuu wa zahanati yuko semina," alisema mhudumu. "Funguo za kabati la dawa anazo yeye. Mkalisheni hapo kwenye benchi. Hii ni minyoo imepanda kifuani."

Akampa dawa ya maji ya kifua iliyokuwa mezani. Mama akakaa kwenye benchi, benchi la buluu lililopigiliwa ukutani, na mtoto mapajani. Wakangoja. Dada alifia pale, wakingoja.

Kisha watu wakaanza kazi yao. Walisema Mama Kasuku amemtoa binti yake kafara ili mashine ilete wateja. Walisema hivyo msibani, huku wanakula chakula chake. Mwezi haukuisha wakarudi na vibakuli vyao kununua siagi. Mama Kasuku aliwapimia bila kupunja. Anawajua mmoja mmoja, aliyeanzisha maneno, aliyeongeza chumvi, na aliyesikia akanyamaza. Miaka imepita. Hajasahau hata mmoja.

*

Baba Kasuku ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaani anaitwa Fundi tu. Ametengeneza mageti, madirisha, na vitanda vya shule. Kazi aliyokuwa akijivunia kuliko zote ni kabati la dawa la zahanati. Zamani dawa zilikuwa zinaibwa, ndipo mkuu akamwagiza kabati la chuma lenye makomeo mawili.

"Hata mimi niliyelitengeneza silifungui bila funguo," alikuwa akiwaambia watu.

Siku moja mchana Fundi aliingia nyumbani mbio. Miwani yake ya kuchomelea ilikuwa bado kwenye paji la uso.

"Mama Kasuku! Zima mashine!"

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Zima usikie."

Mashine ikanyamaza. Fundi akavuta pumzi.

"Redioni yuko daktari. Anasema nchi za wenzetu watoto wenye aleji ya karanga sasa wanatibiwa. Na unajua wanatibiwa kwa nini? Kwa karanga hizohizo! Wanapewa kidogo, kidogo sana. Kesho tena. Halafu wanaongezewa. Mwili unazoea."

Mama Kasuku akamtazama. "Redio imesema hivyo kweli?"

"Kwa masikio yangu haya."

"Na mtoto akivimba, wamesema wafanyeje?"

Fundi akajikuna shingo. "Hapo sikusikia. Umeme ulikatika."

"Kwa hiyo umesikia nusu."

"Nusu inatosha! Mama Kasuku, fikiri. Nani ana karanga nyingi mtaa huu kuliko sisi? Nani anajua kupima kuliko wewe? Hao madaktari wakiuona mkono wako si watakuajiri?"

Mama Kasuku alitaka kukataa. Neno la kukataa lilifika mpaka mdomoni. Lakini alikuwa amechoka. Alichoka kupitia mstari wa chaki. Alichoka kunusa kila andazi la watoto wa jirani, na kushtuka kila mtu anapopiga hodi kwa haraka. Mtu aliyechoka hivyo akionyeshwa mlango hauulizi unatokea wapi.

"Nesi asijue," alisema.

Nesi ni jirani yao, ukuta kwa ukuta. Alihamia zahanati ya mtaa miaka kadhaa baada ya msiba wa Dada. Ni mwanamke mrefu, msema kweli, hana subira na upuuzi. Alipofika tu aligombana na mkuu wa zahanati. Nesi alitoa dawa za dharura kabatini akaziweka kwenye sinia ya wazi iliyotundikwa ukutani, mahali mkono unapofika. Mkuu alimfokea mbele ya wagonjwa, kisha akampa onyo. Nesi akalipokea onyo, na sinia akaiacha palepale.

Mama Kasuku alijua angemwambia nini. Kwa hiyo hakumuuliza.

*

Walianza siku iliyofuata. Mama alichukua siagi kwenye ncha ya kijiko, kiasi cha kichwa cha kiberiti, akaichanganya na asali. Kasuku alirudi nyuma.

"Mama, si ulisema hii ni sumu yangu?"

"Sasa ni dawa yako."

"Nani ameibadilisha?"

Mama alimsogezea kijiko. "Fumbua mdomo," alisema.

Hakikutokea kitu. Kesho yake pia. Fundi alikuwa akirudi nyumbani anachungulia midomo ya binti yake kama mtu anayekagua tairi.

"Inawasha, Baba," Kasuku alisema siku moja. "Na ulimi unawasha."

"Ndiyo dawa inafanya kazi!" Fundi akapiga makofi. "Mwili unapigana nayo. Utaizoea."

Siku zikaenda. Mama akaongeza, kichwa cha kiberiti kikawa punje ya mchele, punje ikawa harage. Fundi akaanza kusema mstari wa chaki ufutwe. Na Mama Kasuku, ambaye hakuwa ameimba tangu msiba, alijikuta anaimba juu ya ngurumo ya mashine. Alikatisha wimbo katikati, akaona haya.

Kisha ikaja siku ile.

Kasuku alikuwa ameamka na homa na mafua. Si kitu kikubwa. Mama alimpapasa shingo, akaona ni joto la kawaida la watoto. Siagi ilikuwa imekwisha, wateja walikuwa wameimaliza. Akapitisha kijiko kooni mwa mashine, akakwangua unga mkavu ulioganda pale. Unga mtupu, haujalainishwa na mafuta. Akachota kiasi kilekile cha harage. Mkono wake haukukosea hata chembe.

Kasuku akameza, akapangusa mdomo, akatoka mbio kuruka kamba na wenzake.

Mama akarudi kwenye mashine. Akasaga. Akapimia wateja wawili watatu. Akasikia kitu kinamsumbua masikioni, asijue ni nini. Akazima mashine asikilize vizuri.

Kilikuwa ni kimya. Kasuku alikuwa hasikiki.

Alimkuta nyuma ya nyumba, amekaa chini, kamba bado iko mkononi. Mwili mzima ulikuwa na mabaka yaliyovimba. Macho yamefungwa kwa uvimbe. Alikuwa ametapika. Alifungua mdomo aongee, ikatoka sauti nyembamba ya kukwaruza.

"Mama... koo..."

Mama Kasuku alimbeba akakimbia. Hakuvaa viatu, hakufunga kibanda. Watoto walimkimbilia Fundi kwenye karakana. Barabarani watu walisimama kutazama, na mmoja, mmojawapo wa wale waliosema kafara, alishika kiuno akasema, "Wa pili huyo."

Alimsikia. Akaendelea kukimbia.

Zahanati ilikuwa imejaa. "Nesi!" alipiga ukelele. "Nesi, mwanangu!"

Nesi alimtupia jicho mtoto mara moja.

"Mlaze. Hapa, chini, kwenye mkeka. Usimkalishe kwenye benchi!"

Alinyoosha mkono ukutani, kwenye ile sinia. Akavunja kichupa kidogo cha kioo, akavuta dawa kwa sindano, akamchoma Kasuku kwenye paja, kwa nje, juu ya msuli.

"Inua miguu yake. Weka ndoo chini ya visigino. Akitapika mgeuze ubavu. Asisimame hata akisema nafuu."

Wakangoja. Kwa Mama Kasuku kungoja kule kulikuwa kulekule kwa zamani. Chumba kilekile, kifua kilekile kinachopiga mluzi. Nesi akamsikiliza mtoto mapafu, akatikisa kichwa, akamchoma tena. Mluzi ukapungua. Kifua kikashuka. Kikapanda. Kikashuka.

"Nesi," ikasema sauti ya kukwaruza kutoka mkekani, "umenichoma mara mbili. Sijakukosea kitu."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka huku analia. Mama Kasuku hakucheka wala hakulia.

"Amekula nini?" Nesi aliuliza.

"Karanga."

"Nani kampa?"

"Mimi."

Mama akamweleza yote, redio, asali, harage, unga. Fundi alifika katikati ya maelezo, anahema, akasimama mlangoni.

"Sikilizeni," alisema Nesi, na sauti yake haikuwa na huruma. "Mnadhani mmepima kiasi kilekile? Siagi ina mafuta na chumvi. Unga ule ni karanga tupu. Kijiko ni kilekile lakini sumu kwa mtoto huyu imezidi. Na alikuwa na homa. Halafu akaenda kuruka kamba. Homa na kukimbia vinafanya mwili ulipuke kwa kiasi ambacho jana ulikivumilia. Na kule kuwasha ulimi mlikokushangilia, mwili ulikuwa unawaonya. Mkono wako, Mama Kasuku, unajua kupimia soko. Huyu si soko."

Mama Kasuku aliinamisha kichwa. Kisha akaokota kile kichupa kilichovunjika, akakigeuza vidoleni.

"Hiki ndicho kimemrudisha?"

"Ndicho. Inaitwa adrenalini. Aleji ikibana koo na kifua, hakuna dawa nyingine ya kwanza. Vidonge vya kuwashwa havitoshi. Dawa ya maji ya kifua ndiyo kabisa haisaidii."

"Dawa mpya?"

"Mpya? Hii ilikuwepo kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Wala bei yake si ya ajabu."

"Imefika lini hapa?"

Nesi akaanza kukusanya pamba.

"Nesi, nimekuuliza. Mwanangu wa kwanza alikufa kwenye benchi lile. Dawa hii ilikuwepo hapa siku ile?"

"Mimi sikuwepo, Mama Kasuku."

"Najua hukuwepo. Sikuulizi wewe. Nauliza dawa."

Nesi alisimama na pamba mkononi. Akatazama pembeni, kwenye kabati kubwa la chuma lenye makomeo mawili.

"Nilipoanza kazi nilisafisha kabati," alisema taratibu. "Nyuma kabisa nilikuta boksi. Halijafunguliwa. Muda wake ulikuwa umepita siku nyingi. Tarehe ya kupokelewa iliyoandikwa juu yake ni ya kabla ya msiba wako, na siku ile dawa ilikuwa bado nzima."

"Mle ndani."

"Mle ndani."

Fundi alikuwa bado mlangoni. Alitembea mpaka kwenye kabati lake, akapitisha kidole juu ya bawaba moja, pale alipochomelea kwa ustadi hata mshono hauonekani. Halafu akatoka nje.

*

Nesi hakuwaruhusu warudi nyumbani. "Dawa inaweza kuisha mwilini, na uvimbe ukarudi," alisema. "Lazima alazwe hospitali kubwa aangaliwe."

Kule hospitali kubwa walimkuta daktari wa watoto, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza, jambo ambalo hawakulizoea.

"Mliyosikia redioni ni ya kweli," alisema. "Yule aliyekuwa anaongea ni mwalimu wangu. Ila baada ya umeme wenu kukatika alisema, 'Msifanye haya nyumbani.'"

Fundi alifunika uso kwa viganja.

Daktari akaeleza. Mwili wa Kasuku unaiona karanga kama jambazi. Ikiingia, askari wa mwili wanapiga king'ora na kuvunja nyumba yao wenyewe. Tiba ya kuzoesha ipo. Lakini unga hupimwa kwa mizani ndogo mno, isiyo ya sokoni. Dozi ya kwanza, na kila inapoongezwa, mtoto humezeshwa hospitali, adrenalini ikiwa mezani, na huangaliwa kabla ya kuondoka. Dozi za katikati hupewa nyumbani kwa maelekezo ya daktari. Akiwa na homa, anapigiwa simu daktari kwanza. Baada ya kumeza, hakimbii wala haogi maji ya moto mpaka muda upite.

"Akimaliza atakuwa amepona?" aliuliza Mama.

"Hapana. Wengi hawaponi kabisa. Lengo ni kwamba akila chembe kwa bahati mbaya, asife. Na wapo wanaoshindwa njiani, matumbo yanawauma, tunaacha."

"Hakuna nyingine?"

"Ipo sindano inayowafunga mikono hao askari kabla hawajapiga king'ora. Ipo na dawa ya kubandikwa kwenye ngozi, hiyo bado wanaifanyia majaribio."

"Hizo ziko chumba gani?"

Daktari akatazama meza. "Hapa hatuna."

"Ziko wapi?"

"Kwa wenzetu."

"Kwa hiyo mnatusomea redioni," alisema Mama Kasuku, "chakula kinacholiwa nyumba ya jirani."

"Mama, usinikasirikie mimi."

"Nimkasirikie nani? Nitajie nimfuate."

Daktari akasema yeye mwenyewe ameomba sindano hiyo mpaka amechoka. Tiba ya kuzoesha ameianzisha na watoto wachache, kwenye chumba kilichokuwa stoo. Angemweka Kasuku kwenye foleni.

"Na nikizikaanga sana?" aliuliza Mama. "Moto hauui hiyo sumu?"

"Kukaanga hakuiui. Kunaweza hata kuizidisha."

Mama akauliza lile lililokuwa linamkwama kifuani. "Daktari. Kwa nini wanangu wote wawili?"

"Aleji hutembea ndani ya familia. Walikuwa na ngozi ya ukurutu walipokuwa wachanga?"

"Wote. Wakijikuna mpaka damu."

"Na karanga ulianza kuwalisha lini?"

"Sikuwalisha. Watu walisema ni nzito kwa mtoto. Ila nilikuwa nawabeba mgongoni nikisaga."

Daktari alichagua maneno. "Siku hizi tunaamini hivi. Vumbi la chakula likiingia kwenye ngozi yenye vidonda kabla chakula hicho hakijapita mdomoni, mwili unaweza kujifunza vibaya. Ndiyo maana sasa watoto wengi tunawaanzishia karanga laini, iliyochanganywa na chakula, wanapoanza kula. Wenye ukurutu mkali, au aleji nyingine, waonwe kwanza na daktari. Lakini mtoto ambaye tayari ana aleji, kama huyu, habari hii haimhusu."

"Kwa hiyo ni mashine yangu."

"Kwa mtoto mmoja hakuna anayeweza kusema hivyo. Hata mimi."

"Waliosema kafara wakisikia haya watafurahi."

"Waliosema kafara hawajui kitu. Wewe hukuambiwa na mtu yeyote. Na waliopaswa kukuambia walikuwa wanalipwa."

Maneno hayo Mama Kasuku aliyaweka pamoja na mengine, kule anakoweka vitu asivyosahau.

*

Mambo yalibadilika nyumbani. Mashine ilihamishiwa sokoni. Kibanda kilioshwa kwa maji na sabuni, kuta na dari. Jioni Mama Kasuku huvua nguo za kazi kulekule, hunawa mikono mpaka kwenye viwiko, ndipo anarudi. Shuleni walimu waliambiwa dalili: mabaka, uvimbe, kutapika, sauti kubadilika, kifua kubana. Waliambiwa mtoto alazwe, akishindwa kupumua aachwe akae, na akimbizwe kwenye adrenalini. Mwiko wa karanga hauchovywi kwenye chakula kingine.

Lakini Mama Kasuku hakuishia nyumbani kwake. Mkuu wa zahanati alipoitisha mkutano wa mwaka na wananchi, alikwenda akakaa mbele. Mkuu alizungumzia ukuta mpya na rangi. Halafu akasema sinia ya wazi ukutani itaondolewa, dawa zote zirudi kabatini.

Mama Kasuku alisimama.

"Mheshimiwa, siku binti yangu alipokufa ulikuwa wapi?"

"Mama, huo ni mwaka gani? Hayo yamepita."

"Kwako. Ulikuwa semina. Semina ya nini?"

Mkuu akatafuta kumbukumbu, au akajifanya anatafuta. Nesi, aliyekuwa ameona cheti chake ofisini, ndiye aliyejibu kutoka nyuma, bila kuinuka. "Ya utunzaji bora wa dawa."

Ukumbi ukaguna.

"Dawa ulizitunza vizuri," alisema Mama Kasuku. "Zilikaa mpaka zikaharibika. Mwanangu alikuwa upande huu wa mlango, dawa yake upande ule, na funguo ziko mfukoni mwako zinasikiliza hotuba."

"Dawa zikiachwa wazi zitaibwa!"

"Basi aibe mwizi, tutamtafuta. Wewe ukifungia, nimtafute nani?"

Kisha akageuka, akawatazama waliokuwa nyuma yake. Aliwatazama mmoja mmoja, kwa mpangilio wa siku ile ya msiba.

"Na ninyi mliosema nilimtoa kafara. Niliwapimia siagi miaka yote hii. Leo nataka mnilipe. Anayesema sinia ibaki, anyooshe mkono."

Mikono ilinyooka. Mingine ilinyooka kwa aibu, na hiyo pia ilihesabika.

Mkuu hakukubali kwa moyo. Alikubali kwa sababu ukumbi ulikuwa umejaa. Hajaomba radhi mpaka leo.

Fundi alifanya kazi karakanani kwa siku kadhaa, hakutaka kusaidiwa. Akaleta sanduku la chuma, jekundu, la kutundika ukutani. Mkuu alilizunguka kwa macho.

"Mlango wake uko wapi?"

"Sijauweka."

"Na pa kufungia?"

"Mheshimiwa," alisema Fundi, "mimi kufuli nimeacha kutengeneza."

*

Kasuku aliingia tiba ya kuzoesha baada ya kungoja sana. Hupimiwa unga kwenye ile stoo na mizani ambayo Mama Kasuku, mara ya kwanza, aliinamia kuitazama kwa muda mrefu. Mara mbili tumbo lilimuuma sana, dozi ikarudishwa nyuma. Bado hawezi kula siagi ya mama yake, na pengine hatakula kamwe. Lakini juzi shuleni alikula keki ya mwenzake, iliyokuwa na karanga ndani. Alipata mabaka. Akakimbizwa zahanati, na njia nzima alikuwa anaongea. Nesi alimlaza karibu na sanduku jekundu, akamtazama mpaka yakaisha. Sindano haikuhitajika. Ile ya kwa wenzetu bado haijafika. Mama Kasuku huiulizia kila anapokwenda hospitali kubwa, na daktari akimwona kwa mbali anajua ataulizwa nini.

Jioni ile ya keki, wakingoja ruhusa ya kuondoka, Kasuku aliwasomea wagonjwa maneno yaliyoandikwa kwa rangi nyeupe kwenye sanduku la baba yake. Aliyasoma kwa sauti kubwa, herufi kwa herufi, kisha neno kwa neno:

"Dawa ya dharura. Haifungwi."

"Soma tena," alisema bibi mmoja aliyekuwa hajui kusoma.

Kasuku akasoma tena. Kisha akageuka. "Mama, mbona umesimama? Si ukae hapa, kuna nafasi."

Alikuwa anapigapiga benchi la buluu.

"Sijachoka," alisema mama yake.

Hajawahi kulikalia tangu siku ile. Alibaki amesimama, mkono mmoja juu ya sanduku, mpaka Nesi alipowaambia waende.